Nilikata mkilua, nikapanda ashoki

Leo siandiki siasa. Mlionizoea kwa hayo mtanisamehe. Naandika kuhusu miti ya mapambo, ile tunayopanda majumbani ili pawe "pazuri". Na nitaanza na kosa langu mwenyewe, kwa sababu mtu anayelipwa kila siku kuandika makosa ya wengine, siku moja moja naye ajiandike.

Mwaka juzi nilipata malimbikizo ya posho zangu za miezi kadhaa kwa mkupuo. Kijana aliyemaliza chuo juzijuzi akishika fedha ya namna ile, kichwa kinapata joto. Wenzangu walinunua simu. Mimi nikasema nitampendezesha Mama. Mama alikuwa amekwenda Tanga msibani, siku kumi hivi, na nilitaka akirudi aikute nyumba yetu ya Tabata inafanana na zile za Mikocheni ambako huwa nakwenda kuwahoji wakubwa. Mnazijua. Ukuta, geti, ukoka uliopunguzwa, na mstari wa miti ya ashoki imesimama kama askari wa gwaride wanaomsubiri rais.

Kwetu, kati ya jiko la nje na mwembe, palikuwa na kichaka. Nakiita kichaka kwa sababu ndivyo nilivyokiona siku zote. Kilikuwa kirefu kunizidi, majani mengi, hakina umbo la maana, na maua yake huyaoni mpaka uyatafute. Nikamwita kijana mmoja wa mtaani mwenye panga na jembe, tukaelewana shilingi elfu kumi. Saa moja na nusu, kichaka kikawa kuni. Kesho yake nikapanda ashoki kumi na mbili kuzunguka ukuta.

Mama aliporudi alisimama getini muda mrefu. Akasema, "Ahsante, mwanangu." Akapita jikoni, akatoka, akaingia chumbani kwake. Nikadhani ni uchovu wa basi.

Miezi miwili baadaye Bibi akaja kutoka Pangani kwa ajili ya harusi ya mdogo wangu. Nikampokea mzigo, nikamwamkia shikamoo, akaitikia huku anatembea. Hakuketi. Alikwenda moja kwa moja nyuma ya jiko, akasimama, akatazama chini pale palipokuwa na kisiki. Halafu akaniita kwa utani wake wa siku zote.

"Mume wangu, mkilua wangu umehamia wapi?"

Nikamuuliza, "Mkilua ndiyo nini, Bibi?"

Ndugu msomaji, katika maswali yote niliyowahi kuuliza tangu nianze kazi hii ya kuuliza maswali, hilo ndilo ninalolionea aibu zaidi.

Kumbe kile kichaka Bibi alikileta kikiwa mche ndani ya kopo la maziwa, mwaka ambao Mama alihamia Dar es Salaam akiwa mke wa mtu. Maua yake yanaitwa vilua. Ukiyachanganya na asumini, mrehani na langilangi unatengeneza kikuba, lile fungu la maua na majani ya kunukia ambalo wanawake wa pwani huvaa kwenye nywele au kifuani. Vilua vya mti ule vilikuwamo kwenye kikuba cha dada yangu mkubwa alipoolewa. Safari hii Bibi alikuja na mrehani umefungwa kwenye kanga. Asumini alijua atanunua mjini. Vilua hakuvihangaikia, kwa sababu vilikuwa nyumbani kwa mwanawe.

"Ulidhani nguo za mama yako zinanukia kwa sabuni?" akaniuliza.

Hapo ndipo nilipoelewa. Tangu nikiwa mtoto, ukifungua kabati la Mama kuna harufu. Nilidhani ni harufu ya Mama. Nilikuwa nimeikata kwa shilingi elfu kumi.

Mdogo wangu aliolewa na kikuba cha asumini na mrehani. Kilikuwa kizuri, hakuna mgeni aliyegundua kitu. Lakini sisi wa nyumbani tulijua.

Baada ya harusi nikafanya kile ambacho nilipaswa kufanya kabla ya kushika panga. Nikamtafuta rafiki yangu aliyesoma botania Mlimani. Alicheka mpaka akakaa chini, kisha akanieleza.

Mkilua ni mti mdogo wa misitu ya pwani ya Kenya na Tanzania. Ni wetu hasa. Mwaka 1970 mtaalamu wa mimea wa bustani ya Kew kule Uingereza, Bernard Verdcourt, aliuandika rasmi katika elimu ya mimea, na alipotafuta jina la jenasi hakuhangaika na Kigiriki wala Kilatini. Alichukua Kiswahili kama kilivyo. Jina lake la kisayansi ni Mkilua fragrans, hilo la pili maana yake "wenye kunukia". Katika jenasi hiyo umo huo mmoja tu. Wanasayansi dunia nzima wakitaka kuutaja, wanasema neno la bibi yangu. Mjukuu wake mwenye shahada alikuwa hajui neno hilo.

Kisha akanimalizia. Mkilua ni wa ukoo mmoja na mstafeli na mtopetope. Mlangilangi nao umo humo. Na ashoki, ule mti wa India na Sri Lanka niliopanda kwa mbwembwe, nao ni wa ukoo huohuo. Kwa maneno mengine nilimfukuza binamu wa nyumbani ili nimkaribishe binamu wa mbali, kwa sababu yule wa mbali amesimama wima na jirani anaye. Wahenga walisema usiache mbachao kwa msala upitao. Mimi mbacha niliuchoma kabisa.

Sasa najua kuna wasomaji wangu wawili watatu wameshaanza kuandika kwa hasira, "Kwa hiyo unataka tukatae miti ya kigeni?" Hapana, jamani. Tusifike huko. Mkrismasi, unaowaka mwekundu kila Desemba mpaka ukapata jina hilo, asili yake ni Madagaska. Jakaranda imetoka Amerika Kusini. Bogenvilia imetoka pande hizohizo, Brazil. Mwarobaini na mwembe vimetoka Asia ya Kusini. Tukifukuza miti yote ya kigeni nchi hii, nusu ya Waswahili tutakaa juani.

Ninacholalamikia si ugeni wa mti. Ni kwamba hatuulizi. Kijana wa mjini akitaka kununua gari atauliza mafuta linakulaje, vipuri vinapatikana wapi, aliyelitumia kwanza ni nani. Akitaka kupanda mti utakaokaa miaka hamsini, anasimama kando ya barabara, anateremsha kioo, anasema "nipe ile kama ya yule bwana," anaondoka.

Hata wakoloni walijaribu kwanza. Ukienda katikati ya jiji, jirani na Makumbusho ya Taifa, utaikuta bustani ya mimea ambayo Wajerumani waliianzisha mwaka 1893. Hawakuianzisha ili maharusi wapate pa kupigia picha. Ilikuwa ya majaribio. Walitaka kujua mmea gani unakubali udongo na jua la hapa kabla hawajaupanda kwenye mashamba yao. Nia yao tunaijua na siisifii. Lakini walijua kwamba mmea huujui mpaka uuchunguze.

Basi haya ndiyo maswali ninayouliza siku hizi kabla ya kutoa hela. Nimeyalipia, nyie mnayapata bure.

La kwanza: ukikua utakuwaje? Mche kwenye kiriba ni kama mtoto mchanga, wote wanapendeza na wote wanafanana. Mkrismasi unatanda kwa upana kuliko urefu wake, na mizizi yake hupita juujuu ya udongo, inainua sakafu na kupasua njia. Mkungu nao ni jitu. Miti hii inafaa sana kwenye kiwanja kikubwa, shuleni, kanisani, msikitini, barabarani. Kwenye kiwanja cha hatua ishirini kwa ishirini, karibu na msingi wa nyumba na shimo la maji taka, unajitafutia kesi. Ukiwa na eneo dogo, chagua vichaka na miti midogo. Haidiba, mlangilangi unaopunguzwa kila mara, na ndiyo, mkilua.

La pili: nani atakaa chini yake? Swali hili ndilo linaloniuma kuliko yote. Angalia mtaa wowote wa zamani. Nje ya nyumba kulikuwa na mwarobaini au mwembe, na chini yake kulikuwa na benchi. Hapo ndipo mama muuza vitumbua alipokaa asubuhi, wazee wakacheza bao jioni, na fundi baiskeli akaweka zana zake. Mti ulikuwa wa mwenye nyumba, kivuli kilikuwa cha mtaa. Ashoki ni mti ambao kivuli chake ni chembamba kama mstari. Ni mti wa kutazamwa. Mkikata mwarobaini wa nje na kupanda ashoki sita ndani ya ukuta, mmepata sura, mtaa umepoteza sebule. Na mama wa vitumbua hakuulizwa.

La tatu: unahitaji nini? Bogenvilia inataka jua la kutosha na maji ya kiasi. Watu wanaimwagia kila jioni na kuijazia samadi, halafu wanalalamika inatoa majani tu bila maua. Iache ipate kiu kidogo, utaona. Mkilua ni kinyume chake, ni mti wa ndani ya msitu, umezoea kukaa chini ya miti mikubwa. Ukiuweka katikati ya ukoka, jua la saa saba linaukaanga. Bibi yangu, ambaye hakusoma botania, aliuweka kati ya jiko na mwembe. Mimi niliona kichaka kimejificha. Yeye alikuwa ameupa kivuli.

La nne: unaweza kumdhuru nani? Oleanda ina maua mazuri sana na ina sumu kila mahali, majani, maua na mbegu. Ile ya njano, yenye maua kama kengele, nayo vilevile. Waridi la jangwani, ambalo limekuwa fasheni kwenye vyungu vya varanda, utomvu wake watu walitengenezea sumu ya mishale. Utomvu wa minyaa ukiingia jichoni ni hospitali. Sisemi msipande. Nasema kama una mtoto wa miaka miwili anayetia kila kitu mdomoni, chagua kingine au kipande mbali.

Haya, umeshachagua. Sasa kuna kutunza, na hapa ndipo wengi tunafeli.

Panda mvua zinapoanza, masika au vuli. Mche uliopandwa Januari kali unaanza maisha na deni. Chimba shimo pana, angalau mara mbili ya upana wa kiriba. Kiriba kitoe, usikichane kidogo tu na kukizika nacho. Nimeona kwa macho yangu. Kama mizizi imeshaanza kujizungusha ndani, iachanishe au kata ile iliyojisokota, la sivyo itaendelea kuzunguka mpaka iunyonge mti wenyewe. Usizamishe shina kuliko lilivyokuwa kwenye kiriba.

Maji: mwagilia mengi mara chache kuliko kidogo kila siku. Ukinyunyiza juujuu kila jioni, mizizi inazoea kukaa juu, na siku bomba likikauka wiki nzima, kama tunavyolijua bomba letu, mti unaanguka na wewe.

Halafu kuna fagio. Hili najua nitagombana na wamama. Tumelelewa kwamba uwanja safi ni ule uliofagiwa alfajiri mpaka udongo unang'aa, majani yakakusanywa na kuchomwa moto. Nakubali kuna sababu, nyoka na mchwa si hadithi. Lakini majani yale ndiyo chakula cha mti na blanketi lake. Fagia njia, fagia mlangoni, ila majani makavu yarudishe chini ya mti kama matandazo. Yaache mbali kidogo na shina ili lisioze. Udongo utabaki na unyevu, na baada ya miaka michache utakuwa mweusi bila kununua mbolea.

Na panga. Kuna watu wanaita "kupunguza" kile ambacho ni kukata kichwa. Mti unabaki gogo, halafu unatoa vijiti vingi dhaifu ambavyo upepo wa kwanza unavivunja. Ukitaka kupunguza, ondoa tawi zima linalosumbua, ukate karibu na shina bila kukwangua ule uvimbe kama pete pale tawi linapoanzia. Ile pete ndiyo inayofunga kidonda. Vichaka vya maua vipunguze baada ya kuchanua. Na ile mibango ya waganga wanaorudisha wapenzi waliopotea, tafadhali msiipigilie misumari kwenye miti. Mpenzi hatarudi na mti utaumia.

Najua haya yote nisingeyaandika kama Bibi asingekuja. Na nikiwa mkweli, kosa langu halikuanzia nyumbani. Kila Siku ya Kitaifa ya Kupanda Miti, waandishi tunapakiwa kwenye basi dogo kwenda kumtazama mgeni rasmi akipanda mche. Anashika koleo kwa sekunde kumi, tunapiga picha, anamwagia maji kwa ndoo iliyofungwa utepe, tunakula wali, tunarudi kuandika kwamba imepandwa miti kadhaa elfu. Nimeandika habari hizo zaidi ya mara moja. Sijawahi hata siku moja kurudi mwaka uliofuata kuhesabu iliyo hai. Hakuna mhariri aliyenituma, na mimi sikuomba. Tunahesabu kupanda, hatuhesabu kukua. Sasa kwa nini nishangae kwamba kwetu niliona mti uliokua kwa miaka mingi kuwa ni uchafu, na fito kumi na mbili za juzi kuwa ndiyo maendeleo?

Vijana wa rika langu tunapenda kusema tumepoteza utamaduni. Tunalisema kwenye makongamano. Mimi nadhani utamaduni haupotei kwenye makongamano, unapotea Jumamosi asubuhi, mwenye panga akiuliza "na hiki nacho?" na wewe unajibu "hicho nacho" bila kumpigia simu mama yako.

Ashoki zangu sijazikata. Kati ya kumi na mbili zimebaki saba, na hazina kosa lolote, kosa ni la aliyezipanda. Nilizunguka kwa wauza miche niliowajua mjini nikitafuta mkilua. Mmoja aliniambia hajawahi kuusikia, mwingine akajaribu kuniuzia kitu kingine kwa jina hilo. Mwishowe nikapanda basi mpaka Pangani. Bibi akanichukua hadi nyuma ya nyumba yake, akanionyesha miche iliyoota yenyewe chini ya mti mkubwa, akaniambia niing'oe na udongo wake. Nikaja na mitatu ndani ya makopo ya maziwa, nimeishika mapajani njia nzima kama kuku wa zawadi.

Miwili ilikufa. Wa kwanza niliuzidishia maji, wa pili sijui. Wa tatu uko palepale, kati ya jiko na mwembe, unafika magotini mwangu. Haujachanua. Bibi anasema nisiukimbize. Kila asubuhi Mama akitoka kuwasha jiko anautazama, na bado hajaniambia neno lolote kuhusu ule wa kwanza. Nadhani hataniambia.

Bibi hupiga simu siku za Ijumaa. Namwamkia, anaitikia, kisha anauliza, "Mume wangu, mzima?" Mwanzoni nilikuwa najibu kwamba mimi mzima, namshukuru Mungu, kazi zinaendelea. Siku moja akanikatiza.

"Sikukuuliza wewe."